Nimekula kwa programu za Inkscape na GIMP miaka sita bila kulipa hata ndururu. Nitumeje mchango kutoka Nairobi?

mchapaji_ghorofa_ya_pili

Hamjambo wote. Nina kibanda cha uchapishaji hapa mjini, upande wa River Road. Natengeneza stika, baneri, kadi za harusi, vijitabu vya mazishi na vitabu vya risiti. Nilifungua mwaka 2019 na kompyuta moja ya mtumba. Kabla ya hapo niliajiriwa kwa mtu ambaye alitumia kopi za wizi za programu za kulipia. Siku moja mashine zikajaa virusi, na kazi ya mteja mwenye harusi Jumamosi ikapotea yote. Nilimwona yule dada akilia pale kaunta. Nikajiapiza kwamba nikipata changu, sitaweka hata programu moja ya kuiba.

Basi nikajifunza Inkscape kwa michoro, GIMP kwa picha, na LibreOffice kwa ankara na barua. Sijawahi kuambiwa leseni imeisha. Kampeni za Agosti 2022 zilinipa kazi usiku na mchana, na karo ya wanangu wawili ilitoka humo. Sasa nina vijana wawili wa kunisaidia, na wote nimewafundisha programu hizohizo.

Kinachonisumbua ni hiki. Karatasi nalipia, wino nalipia, kodi ya kibanda nalipia, hata kijana anayenibebea roli za vainili kutoka Kirinyaga Road nampa chake. Watu waliotengeneza chombo ninachokishika kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni sijawahi kuwapa chochote. Mume wangu ananiambia kitu cha bure hakilipiwi. Mimi naona bado nina deni.

Naomba ushauri. Pesa nimpe nani hasa, maana sijui nyuma ya Inkscape kuna kampuni au kuna nini? Naweza kutoa kwa M-Pesa pekee? Na nikitoa shilingi elfu moja, kuna kitu kitafika au italiwa na makato njiani?

jabali254

Dada, nakuheshimu lakini shika pesa zako. Programu hizi zinatumiwa na kampuni za mabilioni kule Marekani na Ulaya. Wao ndio walipe. Wewe una karo, una kodi, na bei ya karatasi unaijua. Elfu moja yako haitaonekana kule, lakini nyumbani kwako itaonekana.

msimbo_na_chai

Jabali, hoja yako si mbaya, ila historia inaipinga. Aprili 2014 iligunduliwa kasoro iliyoitwa Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu huria (yaani msimbo wake, maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa wote) inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani, zikiwemo za benki na maduka. Kampuni zile za mabilioni zote zilikuwa zinaitumia. Ilipochunguzwa nani anaitunza, ikaonekana ni watu wachache sana, na michango ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Kila tajiri alidhani tajiri mwenzake analipa. Ni baada ya aibu ile ndipo Linux Foundation, shirika la programu huria, lilipozikusanya kampuni kubwa zitoe pesa.

Na hata hapo zilitoa kwa vile vitu zinavyovihitaji wao. Kiini cha Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, leo huandikwa zaidi na wahandisi walioajiriwa, kwa sababu kampuni zinakihitaji kwenye seva zao. Programu ya kuchorea stika ni nani mwenye mabilioni atakayeijali? Watumiaji wa Inkscape ni watu kama huyu dada. Tukisema wakubwa watalipa, hakuna atakayelipa.

Dada, angalia GIMP yako. Toleo la 2.10 lilitoka 2018. La 3.0 lilitoka Machi 2025. Miaka saba. Kazi ya ndani ilikuwa kubwa na mikono ilikuwa michache, wengi wao wakiifanya baada ya ajira zao za mchana. Mimi ni mwandishi wa programu hapa Ngong Road, na ninatunza maktaba ndogo ya msimbo ambayo wageni kutoka nchi nyingi huitumia. Barua ninazopata ni za kudai marekebisho tu. Mwaka juzi mtu mmoja alinitumia dola kumi na neno la asante, na wiki ile nilifunga kasoro tatu zilizokuwa zimelala miezi. Zile dola hazikunilipia hata intaneti ya mwezi. Nilichopata ni kujua kwamba kuna mtu upande wa pili.

nyota_ya_umoja

Naacha mjadala, najibu swali la njia, kwa sababu nimeshaipita.

Inkscape si kampuni. Ni mradi wa watu wa kujitolea ulioanza 2003, na pesa zake hushikwa na Software Freedom Conservancy, shirika lisilo la faida lililoko Marekani ambalo hushika hesabu za miradi mingi huria. GIMP nayo haina shirika lake. Mchango wake hupitia GNOME Foundation, kwa hiyo hakikisha umeanzia kwenye ukurasa wa michango wa GIMP wenyewe, ili ijulikane pesa ni za GIMP. Ukurasa huohuo unataja baadhi ya watengenezaji wanaopokea moja kwa moja kupitia majukwaa ya michango ya Liberapay na Patreon. LibreOffice iko chini ya The Document Foundation, taasisi ya Berlin.

Kuhusu M-Pesa: hakuna Paybill. Ila unaweza kufungua kadi ya Visa ya mtandaoni, ile ya M-Pesa GlobalPay iliyoanza 2022, ndani ya laini yako mwenyewe. Inakupa namba ya kadi, na zile tarakimu tatu za usalama hudumu muda mfupi tu, kwa hiyo ziombe ukiwa tayari umefika kwenye ukurasa wa kulipa. Njia nyingine ni akaunti ya PayPal, ambayo pia inaweza kujazwa kutoka M-Pesa.

Sasa makato. PayPal hukata asilimia fulani, na juu yake kiasi kisichobadilika kwa kila malipo. Ukituma shilingi mia mbili kila mwezi, kile kiasi kinakatwa mara kumi na mbili. Ukizikusanya ukatuma mara moja kwa mwaka, kinakatwa mara moja. Liberapay wenyewe hawakati chochote kwa ajili yao, na wanakuruhusu kulipa wiki nyingi kwa mkupuo kwa sababu hiyohiyo. Elfu moja yako, dola saba na ushee, itafika, dada.

Jambo moja la kuogopa: usibofye kiungo cha mchango ulichotumiwa na mtu kwenye WhatsApp. Andika mwenyewe inkscape.org, gimp.org, libreoffice.org. Na mtu akikuuzia sidii ya LibreOffice pale barabarani, ajue na wewe ujue kwamba hiyo pesa ni yake, haifiki Berlin.

mwalimu_wa_kisauni

Bibie, kwanza hongera. Mimi nafundisha sekondari huku Mombasa na maabara yetu yote ni LibreOffice. Nataka kusema neno juu ya mumeo, maana naye hakukosa kabisa.

Kiswahili kimetupa maneno mawili, *bure* na *huru*. Kiingereza hubeba maana zote mbili kwa neno moja, ndiyo maana Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa programu huru uitwao GNU mwaka 1983, amekuwa akieleza miaka yote hii kwamba anazungumzia uhuru, si bei. Programu hizi ni huru: waweza kuzitumia kwa kazi yoyote, kuzifungua uone zilivyosukwa, kuzirekebisha, kumpa jirani. Kwamba huwa pia za bure ni matokeo tu. Mwambie mumeo hivi: mlango umeachwa wazi, lakini ndani kuna mtu anayefagia.

Wala usiite sadaka. Sadaka humpa asiye nacho. Wewe unamlipa fundi. Ukiliita jambo kwa jina lake, hata kiasi utakijua chenyewe.

msimbo_na_chai

Mwalimu, asante kwa hilo la fundi.

Niongeze moja kwa shule na ofisi zinazosoma hapa. Sehemu kubwa ya msimbo wa LibreOffice huandikwa na wahandisi wa kampuni zinazouza huduma juu yake, kama Collabora. Taasisi yenye bajeti ikinunua mkataba wa msaada kwao, kasoro inayoisumbua hurekebishwa, na marekebisho yale yanatufikia sote. Mhasibu wa shule anaelewa ankara kuliko anavyoelewa mchango. Kwa kibanda cha watu watatu njia hiyo ni nzito, wewe dada fuata ya nyota_ya_umoja.

jabali254

Sawa, nimesoma. Hilo la OpenSSL sikulijua. Bado nauliza: unajuaje hazitaliwa? Tumechangia vitu vingi nchi hii, na tunajua zilikoishia.

nyota_ya_umoja

Swali la haki kabisa, Jabali, na Mkenya yeyote angeliuliza. Mashirika niliyoyataja huchapisha taarifa za fedha, unaweza kuzisoma kabla ya kutoa. Ukitaka kuona hadi senti, kuna jukwaa la Open Collective, ambako kila mradi huonyesha hadharani kilichoingia na kilichotoka, na kilimlipa nani. Mimi husoma kabla sijatoa. Nikiona mradi umekalia pesa nyingi, napeleka changu kwa mdogo zaidi.

Na harambee za aina hii zimewahi kufaulu. Mwaka 2002 kampuni iliyokuwa na Blender, programu ya kuchora vitu vya pande tatu, ilifungwa. Wawekezaji wakasema watauachia msimbo wake ikiwa watalipwa euro 100,000. Ton Roosendaal, mwanzilishi wake, akapitisha kapu kwa watumiaji. Wiki saba zikatosha. Leo Blender ina mfuko wake unaolipa watengenezaji mishahara, na mtoto wa Kayole mwenye kompyuta anafungua programu ileile inayofunguliwa na studio za Ulaya.

akinyi_ramani

Nimefurahi kuona uzi huu. Sisi Nairobi si wa kupokea tu. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za matukio na kuziweka kwenye ramani, ilizaliwa hapa mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, na msimbo wake ukaachwa wazi, watu wa nchi nyingine wakautumia kwenye majanga yao. Vijana wa Kibera walichora mtaa wao kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, kuanzia 2009, wakati kwenye ramani nyingi ulikuwa doa tupu.

Wazo langu ni dogo, dada. Ghorofa yako ina wachapaji wangapi wanaotumia Inkscape? Fanyeni chama. Watu kumi, shilingi mia mbili kila mmoja kwa mwezi, mwisho wa mwaka ni 24,000, zaidi ya dola 180. Mnatuma mara moja, kwa kadi moja, makato mara moja. Mweka hazina mnamjua, anakaa mlango wa tatu. Jabali naye atapata daftari la kukagua.

jabali254

Daftari nitalikagua kweli. Hapo kwenye chama mmenipata.

mchapaji_ghorofa_ya_pili

Nimerudi. Samahani kwa kimya, wiki ilikuwa ya vijitabu vya mazishi vinne na mashine ya kukata ilisumbua.

Nimefanya hivi. Ijumaa jioni baada ya kufunga hesabu nilifungua ile kadi ya Visa kwenye simu, nikaandika anwani ya Inkscape kwa mkono wangu kama mlivyoniambia, na nikatuma dola kumi na tano. Mara ya kwanza zile tarakimu tatu ziliisha muda nikiwa bado natafuta miwani, nikaomba nyingine, ikapita. Barua ya kushukuru ilikuja papo hapo. Mwisho wa mwezi huu ni zamu ya GIMP. LibreOffice nitaiweka Desemba, maana ndipo ninapofunga hesabu za mwaka nayo.

Kiasi nilikipata kwa maneno ya mwalimu. Nilijiuliza fundi wa mashine ninampa nini akija kuisafisha, nikatoa hichohicho. Kwenye daftari la matumizi nimekiandika mstari mmoja na wino na karatasi. Mume wangu aliuona ule mstari, akauliza ni nini, nikamweleza habari ya *bure* na *huru*. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza ile programu anayotazamia mpira kwenye kompyuta ni ya nani. Nikamwambia ni VLC, nayo ni huria, inatunzwa na shirika lisilo la faida la Ufaransa. Hajasema kitu zaidi, ila sijasikia tena lile la kitu cha bure hakilipiwi.

Dada Akinyi, la chama nimelipeleka. Kati ya wachapaji saba wa ghorofa yetu, wanne wamekubali kuanza mwezi ujao. Wa tano anatengeneza mabango ya duka yenye herufi za kusimama, na anasema atajiunga ikiwa robo ya pesa itaenda Blender, kwa kuwa ndiyo inayomlisha yeye. Mimi naona ana haki. Jumatano tunakaa saa moja jioni kugawa mafungu.