Mchumba kanuna tangu tuangalie Past Lives, Ijumaa nimuwekee muvi gani?

Chalii wa Tengeru
Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni. Nipo Arusha, umri 28, mchumba wangu anafanya kazi Moshi na kila wikiendi ama yeye anapanda Coaster anakuja ama mimi nateremka. Starehe yetu ni moja tu, muvi, na toka mwaka jana tulikubaliana tuangalie zile zilizowania Oscar peke yake, moja kila Jumapili, laptop tunaiegesha juu ya ndoo tuliyoipindua tukaitandika khanga.

Jumapili iliyopita ilikuwa zamu ya Past Lives ya Celine Song, iliwania filamu bora na skripti bora 2024 ikarudi mikono mitupu. Kwangu mimi ndio muvi bora ya mwaka ule na nasema hivyo nikiwa nimeiona Oppenheimer mara mbili. Hakuna bomu, hakuna anayemfokea mwenzake, ni dada mmoja Mkorea anayeishi New York, ana mume wake Mmarekani, halafu kijana waliyependana wakiwa watoto anakuja kumtembelea, basi. Pale mwisho wanasimama barabarani wanasubiri gari, hawaongei, wanatazamana tu, na mimi koo limenikauka nikautafuta mkono wa mwenzangu gizani nikakuta ameshauondoa.

Ikaisha akafunga laptop akasema kichwa kinamuuma. Toka siku hiyo najibiwa "sawa" na "poa". Ijumaa anakuja. Kwenye flashi nina The Holdovers, Anatomy of a Fall, Killers of the Flower Moon na Conclave. Niweke ipi arudi kwenye hali yake? Naombeni ushauri wa kweli wakuu, mahari tumeshapeleka nusu.

Mzee wa Unga Limited
Marahaba kijana. Hiyo Past Lives dakika ya 20 nilikuwa nakoroma. Mwekee Oppenheimer, zile tuzo 7 hawakuokota. Sisi tuliionea banda la jirani, kiingilio jero, saa tatu nzima watu wamebanana kwenye mabenchi. Imefika wanajaribu bomu, moto umejaa kioo chote na sauti hakuna, unasikia pumzi tu. Banda likapiga kelele sauti! sauti! vijana wanagonga mabati, mwenye banda akakimbilia spika, akachomoa waya akaupuliza akarudisha, na bado ameinama pale mbele ya spika ndio ule mshindo ukaja. Alikaa chini. Mpaka leo hajaamini kwamba muvi yenyewe ndivyo ilivyotengenezwa, anasema waya.

Mama Pendo
Mwanangu tatizo ni hizo muvi za tuzo zenyewe. Mimi nilisoma mahali kwamba Poor Things imechukua Oscar 4 nikasema ngoja niiweke sebuleni tujumuike, mama mkwe kaja kutoka Rombo kakaa pale na kikombe chake cha chai. Nilikuwa natafuta rimoti kama natafuta pumzi. Siku hizi bila uchi hawakupi tuzo, hata Anora iliyobeba 5 mwaka 2025 ni hayo hayo. Kaeni chini msali pamoja mara moja kabla ya kuangalia chochote, ndoa inajengwa hapo.

Bweni la Kaskazini
Mkuu weka The Holdovers na usiangalie nyuma. Mwalimu wa historia mkorofi, mwanafunzi aliyeachwa shuleni Krismasi, na mpishi wa shule, mama Mary, aliyefiwa na mwanae vita ya Vietnam. Da'Vine Joy Randolph alichukua Oscar kwa nafasi ile na aliistahili, kuna pale amekwenda kwa mdogo wake mjamzito anazipanga zile nguo za mwanae za uchanga kwenye droo, hasemi neno, anapanga tu. Mimi nimesoma bweni huku Moshi miaka sita, likizo moja nauli ya kwenda nyumbani Kigoma haikutumwa nikabaki na wapishi. Mpishi mmoja alikuwa ananiwekea ukoko kwenye sahani ya bati anaifunika na nyingine, anaiacha dirishani bila kuniita. Sikuwahi kumshukuru. Ile muvi ilinirudisha pale dirishani.

Ngosha wa Njiro
Conclave weka, mchumba wa Kichaga kama ni Mkatoliki umemaliza kazi. Killers of the Flower Moon usithubutu, saa tatu na nusu za mwanaume anamchoma mkewe sindano yenye sumu, ikapata uteuzi 10 na tuzo sifuri. Na Anatomy of a Fall ndio kabisa, mume kaanguka toka ghorofani mke yuko kizimbani, halafu wanasikilizishwa ugomvi wao waliorekodiwa. Hiyo sio muvi ya mtu aliyenuniwa.

Dada wa Kiboriloni
Samahani mleta mada, wote wamejibu habari ya muvi. Mimi nauliza, alinuna wakati gani hasa? Muvi nzima au kuna sehemu? Wewe ulikuwa umemshika mkono mpaka saa ngapi?

Chalii wa Tengeru
Dada asante kwa swali. Nikikumbuka vizuri ni pale kitandani, yule mume anamwambia mkewe kwamba akiota usiku anaongea Kikorea, lugha ambayo yeye haielewi, kwa hiyo kuna sehemu ndani ya mke wake hawezi kufika. Hapo aligeuka akanitazama. Mimi nilidhani ameguswa maana ni sini nzuri mno, John Magaro, aliyeigiza huyo mume, hakupata uteuzi wa Oscar na ndio aliyeibeba ile muvi mabegani, mume ambaye angeweza kufanya fujo akaamua kuelewa.

Dada wa Kiboriloni
Mdogo wangu usiniletee John Magaro. Kwa nini alikutazama *hapo*?

Chalii wa Tengeru
Sawa. Kuna rafiki yangu wa utotoni tulikaa dawati moja shule ya msingi huku Tengeru, wakahama nchi mwaka 2009. Tulikutana tena Facebook. Tunatumiana voisi za wasapu, kwa Kimeru, kwa sababu yeye hana mtu wa kuongea naye Kimeru kule aliko, ndio hivyo tu, na huwa tunacheka sana. Mchumba amewahi kunikuta nacheka usiku. Hajawahi kuuliza.

Ngosha wa Njiro
"Rafiki". Wa kike au wa kiume? Na kule aliko ni wapi?

Chalii wa Tengeru
Wa kike. Kanada.

Mzee wa Unga Limited
Kijana wangu.

Dada wa Kiboriloni
Na bado kuna kitu. Kwa nini ni lazima atulie Ijumaa?

Chalii wa Tengeru
Kwa sababu Jumamosi usiku yule rafiki anatua uwanja wa KIA na mimi ndiye nitakayempokea. Mchumba nimemwambia naenda kupokea mgeni wa kazini. Kabla hamjanirukia, mimi ni dereva wa watalii, kupokea wageni KIA ndio kazi yangu, gari ni lile lile, barabara ni ile ile. Sikumwambia kwa sababu Jumapili tuna kikao cha kwanza cha harusi na sitaki wajomba zake waje na nyuso zimekunjamana. Nilipanga nimwambie Jumatatu mambo yakishatulia. Na pia niliiweka Past Lives makusudi, nilitaka aone kwamba mtu anaweza kuja kutoka mbali na asiharibu kitu, wakaagana vizuri, mke akarudi nyumbani na mume wake. Nilidhani muvi itasema vizuri kuliko mimi.

Mama Pendo
Yesu na Maria. Mwanangu muvi haiombi msamaha kwa niaba ya mtu.

Bweni la Kaskazini
Ila mkuu kama ulitaka aelewe hilo, umeisoma muvi nusu. Nora, yule dada wa kwenye muvi, hakumficha mume wake hata siku moja. Alimwambia anakuja lini, akampeleka mpaka nyumbani, wakaenda baa watatu. Uzuri wa ile muvi wote umesimama kwenye hilo, kwamba kila mtu anajua kila kitu na bado inauma. Angemficha Arthur, yule mume, ingekuwa muvi nyingine kabisa, ya kawaida.

Mpelelezi wa Sanawari
Ngojeni kwanza wadau, mnalishwa chai hapa na mnamimina wenyewe. Hesabuni na mimi. Kwenye muvi msichana anahamia Kanada akiwa na miaka 12, huyu mwenzenu ana miaka 28 sasa, mwaka 2009 alikuwa na miaka mingapi? 12. Kanada. Kwenye muvi wanapatana Facebook, huyu Facebook. Kwenye muvi mwenza haielewi lugha, huyu Kimeru. Kwenye muvi mtu anashuka na ndege, huyu KIA. Kaangalia muvi, kabadilisha Seoul kaweka Tengeru, kaja kutuandikia. Hongera kwa utunzi lakini sisi sio watoto.

Ngosha wa Njiro
Kudadeki!! Na ile "mahari nusu" nilishaanza kuandaa mchango.

Mzee wa Unga Limited
Mimi nilimhurumia kabisa huyu kijana.

Fundi Redio
Kama mnataka hadithi ya kutunga bora tuongelee zetu. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ikapelekwa Oscar kuwakilisha Tanzania, wangapi humu mmeiona? Yasmini na Denge, Zanzibar ya wakoloni, kila taa iliyowashwa mle unaiona imewekwa na mtu aliyefikiria. Na 2018 Watu Wote iliwania Oscar ya filamu fupi, wanaongea Kiswahili mle ndani, Waislamu kwenye basi wanakataa kuwatoa abiria wenzao Wakristo kwa magaidi, kisa cha kweli cha Mandera, Kenya. Tunajua majina ya mashavu yote ya Hollywood na hii hatuijui. Inaniuma.

Mpelelezi wa Sanawari
Fundi uko sahihi ila usimwokoe mleta mada. Ajibu.

Chalii wa Tengeru
Najibu. Hasira ninayo lakini nitajibu taratibu. Walipoondoka baba yake alimwachia mama yangu ufunguo wa nyumba yao, wa kufuli la Solex, mama akaufunga kipande cha kitenge cha kijani akautundika msumarini nyuma ya mlango wa jikoni. Uko pale miaka yote hii. Tulipaka rangi jiko mara mbili na mafundi waliambiwa wapake kuuzunguka, ukiutoa ukutani kuna alama ya kutu yenye umbo la ufunguo. Baba yake amefariki mwaka jana, anakuja kuuza kiwanja. Mama amekuwa akilima pale mahindi na maharage na sasa hivi halali vizuri, anajiuliza atasema nini kuhusu migomba aliyopanda. Kwenye Past Lives hakuna kiwanja wala mama yangu. Nilipoiona mara ya kwanza nilitetemeka kwa sababu ilinifanana, ndio maana naipenda, sio kwamba nimeiiba.

Bweni la Kaskazini
Mpelelezi, na mimi niongeze. Celine Song mwenyewe alikaa baa New York katikati ya mume wake na kijana waliyependana utotoni aliyemtembelea kutoka Korea, akiwatafsiria, ndio muvi ikazaliwa hapo. Ilimtokea yeye kabla haijawa skripti. Sasa kwa nini isimtokee mtu wa Tengeru? Watu wanahama kila siku.

Mpelelezi wa Sanawari
Hiyo ya kutu ukutani sina jibu nayo. Nakaa kimya kwa sasa.

Mama Ndizi
Nimesoma uzi wote kimya kimya, nina swali moja tu. Mchumba ni Mchaga wa wapi?

Chalii wa Tengeru
Machame. Lakini amekulia mjini mama, Kichaga hasemi kabisa, hata kwao anajibu kwa Kiswahili.

Mama Ndizi
Ooh mwanangu. Mimi ni wa Machame nimeolewa Umeruni mwaka wa 30 huu. Siku ya kwanza naingia kwa wakwe walinisema jikoni kwa Kimeru nikiwa nimekaa pale pale namenya ndizi, wakidhani sielewi, nikawajibu. Kimeru na Kimachame ni ndugu wa tumbo moja. Kutosema sio kutosikia, huyo anajibu kwa Kiswahili lakini bibi yake alimsemesha lugha gani? Hizo voisi zako za usiku amezisikia zote, na amezielewa. Ulisema nini humo?

Chalii wa Tengeru
...

Dada wa Kiboriloni
Jibu tu. Hatukuhukumu.

Chalii wa Tengeru
Niliwahi kumwambia natamani turudi kwenye lile dawati hata siku moja. Nilimaanisha utoto. Nilimaanisha kabla baba yangu hajaanza kuumwa. Lakini kwa Kimeru ukiisikia gizani na huwezi kuniona uso, najua inasikikaje.

Dada wa Kiboriloni
Basi usiweke muvi yoyote. Mpigie leo, usisubiri Ijumaa. Mwambie jina, saa ya ndege, na ufunguo. Na hilo la dawati mwambie kama ulivyotuambia sisi, pamoja na la baba.

Ngosha wa Njiro
Na sisi tupe mrejesho usitokomee.

Chalii wa Tengeru
Wakuu nimerudi. Nilimpigia jana usiku nikamwambia yote. Alikaa kimya nikadhani salio limekata, nikaangalia simu, dakika zinahesabu. Halafu akanijibu kwa Kimachame, sentensi nzima, mara ya kwanza toka tujuane, na mimi nikaielewa neno kwa neno. Alichosema kitabaki kwetu. Jumamosi tunaenda KIA wote, na amesema tupitie Tengeru kwanza tumchukue mama, aukabidhi ufunguo kwa mkono wake. Kuhusu Ijumaa ameniambia nisimchagulie, anataka Anatomy of a Fall.