Rangi ya choya inageuka kijivu kwenye kashata za nazi

Mama Kashata, Mikindani
Ndugu zangu, natengeneza kashata za nazi na kuziuza hapa Mikindani. Rangi ya dukani nimeiacha kwa sababu wanunuzi wangu wengi ni watoto. Nachemsha choya (rosela) hadi maji yaive wekundu, nayamimina kwenye shira, na rangi inapendeza. Lakini nikishatia nazi iliyokunwa, wekundu unafifia na kuwa zambarau ya kijivu, kama maji yaliyofuliwa kanga mpya. Nimeongeza choya maradufu bila mafanikio. Nakosea wapi?

Mpishi wa Lindi
Shikamoo mama. Wekundu wa choya unatokana na antosiyanini, yaani rangi za asili za mmea, ambazo hung'aa penye uchachu mkali tu, pH (kipimo cha uchachu, kinachoshuka uchachu ukizidi) ikiwa chini ya 3 hivi. Uchachu ukipungua hufifia, kisha huelekea zambarau na buluu. Nazi si chachu, hivyo inaizimua ile asidi inayoishikilia rangi. Ndiyo maana choya hiyohiyo hubaki nyekundu kwenye juisi. Jaribu kukamulia limau kabla ya kutia nazi.

Mwalimu wa Kemia, Masasi
Maelezo ya pH ni sahihi, ila limau silikubali. Asidi ikichemka na sukari huivunja kuwa glukosi na fruktosi, na kashata yako haitaganda, itanata vidoleni. Isitoshe, vitamini C iliyomo huharakisha kufifia kwa antosiyanini zenyewe. Dada yangu, badilisha mmea. Rangi ya bitiruti ni betalaini, ambayo haiyumbi sana pH ikiwa kati ya 3 na 7. Maadui zake ni moto, mwanga na unyevu. Ikate vipande vyembamba, uvikaushe kivulini penye upepo hadi vivunjike kwa mkono, uvisage na kuchekecha kwa kitambaa chepesi, kisha utie unga huo baada ya kuipua sufuria. Kashata ikikauka vizuri, ukavu huo wenyewe utailinda rangi. Ukitaka za njano, bizari ya manjano huvumilia moto vizuri zaidi, ingawa nayo hupaushwa na mwanga.

Mama Kashata, Mikindani
Marahaba mwanangu, na ahsante mwalimu. Nimetumia bitiruti, na nazi haikuibadilisha. Kashata chache niliziweka kwenye mtungi wa kioo dirishani, nyingine kwenye kopo la bati lenye kifuniko. Leo ni siku ya 6: za kopo bado ni waridi iliyokolea, za dirishani zimepauka upande uliotazama jua. Mtungi nimeuondoa dirishani.