Naomba ushauri: kikombe cheusi nilichopewa, huenda ni cha Waetruski

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Naishi Roma, kazi yangu kutunza wazee. Bibi niliyemhudumia amefariki, na wanawe wamenipa kikombe chake cheusi chenye vishikio viwili virefu. Wanasema ni bucchero, ufinyanzi wa Waetruski (watu wa kale wa Italia, kabla ya Warumi kuitawala) wa karne ya 7 hadi ya 5 KK. Karatasi hakuna hata moja.

Nimekwenda makumbusho ya Villa Giulia kulinganisha, vinafanana mno. Kishikio kimoja kimebanduka kidogo na ndani udongo ni mweusi vilevile, si rangi ya kupaka. Weusi huo hutokana na tanuri kunyimwa hewa wakati wa kuchoma, ila mafundi wa leo nao wanaijua mbinu hiyo, kwa hiyo bado sina uhakika. Muuza vitu vya kale mmoja alitaka kukinunua papo hapo bila kuuliza kimetoka wapi. Haraka yake ikanitia shaka, nikaondoka nacho.

Kinachoninyima usingizi ni sheria. Tangu 1909 vitu vya kale vinavyochimbuliwa Italia ni mali ya serikali. Nami Desemba naenda Tanga, nilitaka nikichukue.

Je, nikipeleke kwa kikosi cha Carabinieri (askari polisi wa Italia) kinacholinda urithi wa utamaduni, au nianze kwa wakili? Na kuna aliyewahi kupima maabara chombo cha udongo ajue kilichomwa lini? Wanakitoboa?