Naomba fonti ya maandishi ya saa ya kidijitali kwa ajili ya bango

MchoraMabango: Wakuu, habari za kazi. Kuna mzee fundi saa kaniagiza bango la mita mbili, liandikwe MKWAJUNI SAA na namba ya simu, yote kwa maandishi ya kalkuleta. Fonti niliyopakua namba zinatoka safi, ila jina halisomeki kabisa: M na W ni vijiti tu, K inafanana na H. Niunganishe mistari mwenyewe au kuna fonti nyingine?

FundiVioo: Usiunganishe chochote, mkuu, utaharibu. Hapo shida ni idadi ya vipande. Tarakimu ya 8 ina vipande saba, sisi mafundi tunaviita a hadi g: a kiko juu, unazunguka kwa kulia mpaka f, halafu g katikati. Hakuna kilichokaa mshazari, na bila mshazari huipati K wala M wala W. Kwa jina unahitaji vipande 14: kile cha katikati kinakatwa viwili, wanaongeza mishazari minne na nguzo mbili.

Tafuta DSEG, ya Mjapani anayejiita Keshikan. Ni ya bure hata kwa kazi ya kulipwa. DSEG7 iwe ya simu, DSEG14 ya jina. Ukitaka nafasi yenye upana wa tarakimu nzima, bonyeza alama ya mshangao. Nafasi ya kawaida humo ni nyembamba kama nukta mbili.

Halafu fanya hivi, tafadhali. Shika Casio F-91W, ile saa ya mkononi, iinamishe kwenye mwanga. Nyuma ya saa na dakika utaona vile vipande vilivyozimwa, hafifu sana. Hicho kivuli ndicho kinachofanya jicho liamini kwamba ni kioo cha saa kweli. Kwa hiyo nyuma ya namba ya simu weka 8 tupu, kijivu kidogo tu, na nyuma ya jina weka alama ya ~, inawasha vipande vyote 14.

Mama_Stika: Na 6 je? Nimewahi kuona isiyo na kichwa, kama b.

FundiVioo: Hiyo ni ya IC ya 7447, chipu ya kuwasha vipande, dada. Inaacha kipande cha juu cha 6 na cha chini cha 9. Iliyofuata, 74247, ikavirudisha. Kwenye namba ya simu weka 6 yenye kichwa, mtu anaisoma akiwa ndani ya daladala.

MchoraMabango: Jina limekubali, asante sana mkuu! Rangi sasa: nyekundu juu ya nyeusi?

FundiVioo: Nyekundu ni ya taa za LED, saa ya ukutani. Huyu mzee anatengeneza saa za mkononi, mpe nyeusi juu ya kijivu chenye ukijani. Hata kwenye jua la mchana itasomeka. Na mianya kati ya vipande usiizibe, hata mteja akikuomba.