Nguo ya ndani ya wanamageuzi wa mavazi wa Boston, 1876: kitambaa gani, na petikoti zishikwe wapi?

FundiKibuye (Kisumu)

Hamjambo mafundi. Nina kibanda cha cherehani karibu na soko la Kibuye, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Sasa kikundi cha maigizo cha chuo kimoja hapa mjini kimeniletea kazi ngeni. Mchezo wao unatokea Boston, Marekani, mwaka 1876. Mhusika mkuu ni mwanamke anayepinga koseti, ile nguo ngumu ya kubana kiuno, na katika onyesho la pili anavua gauni mbele ya wanawake wenzake, anasimama na nguo ya ndani aliyojishonea, kisha anawaeleza kila kipande kazi yake. Hadhira itaitazama muda mrefu, basi sitaki kubahatisha.

Ninavyoona pichani, blauzi na suruali ya ndani zimeunganishwa kuwa kitu kimoja, na vifungo viko mbele. Nitumie kitambaa gani, mkijua joto la Kisumu na taa za jukwaani? Petikoti zinashikwa wapi ikiwa hakuna mshipi kiunoni? Na pale katikati ya miguu niache wazi kama walivyofanya watu wa kale, au nishone? Mwigizaji ni msichana mrefu na mkufunzi wao hataki aibu yoyote.

Pia mchezo una maneno kwamba nguo za ndani zisizidi ratili saba. Hilo lilisemwa kweli? Na hizi ndizo zile suruali za Amelia Bloomer?

MamaSindano (Nakuru)

Dada, umenifurahisha. Nimeshonea waigizaji hapa Nakuru miaka mingi, na hakuna nguo ninayoipenda kama hii.

Nianze na Bloomer, kwa sababu jibu lake litakuongoza hata kwenye kukata. Yeye na wenzake mwaka 1851 walivaa suruali pana chini ya sketi fupi, na walitoka nazo barabarani. Walichekwa na kuzomewa mpaka wengi wao wakaziacha baada ya miaka michache. Wanawake wa Boston wa miaka ya 1870 walipita njia nyingine: gauni la nje libaki kama la kila mtu, mageuzi yafanyike ndani, mahali ambapo hakuna mpita njia wa kucheka. Mimi naona huo ulikuwa ujasiri wenye akili sana. Mwigizaji wako akilijua hilo, atavua gauni lake kwa namna nyingine kabisa.

Nguo unayoitafuta iliitwa Emancipation Suit, yaani suti ya ukombozi. Iliyotangulia ilipewa hataza mwaka 1868, fulana na suruali pamoja, ya flana. Kisha Susan Taylor Converse wa Woburn, Massachusetts, akaiboresha mwaka 1875. Alifanya mambo mawili ambayo lazima yaonekane jukwaani. La kwanza, kifuani aliweka kitambaa cha ziada kilichokunjwa marinda madogo, ili matiti yapate nafasi bila kubanwa. La pili ni vifungo vya kubebea sketi: safu moja kiunoni, nyingine nyongani.

Hapo kwenye vifungo ndipo penye nguo yote. Mavazi ya kawaida yalifunga petikoti zote kiunoni, kanda juu ya kanda, uzito ukikaa juu ya tumbo na koseti ikikaza chini yake. Wanamageuzi walitaka uzito wote uning'inie mabegani. Kwa hivyo mabega yako yawe mapana, kitambaa mara mbili, uzi wa kitambaa ukienda wima usivutike. Nyuma ya kila safu ya vifungo shona ukanda wa pili kwa ndani, la sivyo petikoti itang'oa kifungo pamoja na kitambaa. Petikoti moja ishikwe safu ya juu, nyingine ya chini, kanda zisirundikane. Matundu kwenye ukanda wa petikoti yakate wima: mzigo unavuta chini, kifungo kinatulia kwenye ncha ya juu ya tundu. Ukiyakata kwa mlalo yatapanuka na petikoti itaonekana imelegea.

Cherehani itumie bila wasiwasi. Singer alipata hataza yake mwaka 1851, mishono ya mashine ni halali kabisa kwa 1876. Ila ovaloki usiiguse. Kila mshono ukunje na kuulaza kama wa suruali ya jinzi, maana atakapogeuza pindo kuwaonyesha wenzake, ndani ndiko watakakotazama. Zipu hapana, lastiki kiunoni hapana. Vifungo vyeupe vya shati vyenye matundu manne vinatosha, vya kauri vya wakati ule vilifanana navyo.

Katikati ya miguu: za zamani nyingi ziliachwa wazi, kwa sababu mtu aliyevaa tabaka zote zile asingeweza kuvua kila kitu akienda msalani. Wewe shona. Hadhira haitaona tofauti, na mtoto wa watu ataigiza bila hofu. Lesi weka kidogo kwenye pindo la mguu au usiweke, haina uzito katika jambo hili.

Ratili saba ni kweli, lakini si za Boston. Ni za Rational Dress Society, chama cha mageuzi ya mavazi cha London, kilichoanzishwa mwaka 1881, na kipimo chenyewe, kama kilo 3.2 bila viatu, kilichapishwa katika gazeti lao mwaka 1888. Mhusika wa 1876 hawezi kukitaja. Mwambie mwandishi ayatoe maneno hayo, au asogeze mchezo mzima.

Pindo_Kakamega

Nakubaliana na mama kwa mengi, lakini kitambaa nadhani kiwe cha sufu au flana. Wanamageuzi walisisitiza sufu igusane na ngozi, hata Bernard Shaw, yule mwandishi wa tamthilia, alivaa suti za namna hiyo.

MamaSindano (Nakuru)

Ndugu yangu, hiyo ni sufu ya Gustav Jaeger wa Stuttgart, na biashara yake ilifika London miaka ya 1880. Flana Boston ilikuwepo, sibishi, lakini pamba nyeupe ilikuwa nguo ya ndani ya kawaida kabisa. Kumvalisha msichana flana na petikoti mbili chini ya taa Kisumu, saa mbili nzima, ni kumtesa, na kutesa mwili ndiko hasa walikokuwa wakikupinga hao wanawake.

Dada, nunua merikani nyepesi, ile pamba ya kawaida, au bafta, pamba nyeupe, ukitaka laini zaidi. Na merikani ina haki yake hapa: kitambaa cha viwanda vya Massachusetts ndicho wafanyabiashara wa Salem walichouza Zanzibar karne ya 19, kikapanda na misafara mpaka bara. Ichemshe na kuianika kabla ya kukata, inarudi sana.

Pindo_Kakamega

Nimekuelewa mama, naiacha flana. Kama bei ya merikani ni tatizo, Kibuye siku ya Jumapili kuna shuka za mitumba za pamba tupu. Choma uzi mmoja: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, polista inayeyuka na kuacha donge gumu. Zenye polista zinang'aa vibaya chini ya taa.

FundiKibuye (Kisumu)

Asanteni sana. Mwandishi nimempigia, anayatoa maneno ya ratili. Nimepata merikani, iko kwenye sufuria sasa hivi. Limebaki moja: urefu wa kiwiliwili. Sare sizipimi hivyo, na msichana huyu anainama na kuketi sakafuni katika onyesho hilohilo.

MamaSindano (Nakuru)

Shika utepe juu ya bega, upitishe mbele, katikati ya miguu, urudi nyuma mpaka bega lilelile. Ongeza inchi nne. Kisha mwambie aketi huku ameshika utepe. Ukikaza, ongeza nyingine. Pale katikati ya miguu shonea kipande cha pembe nne kilichokatwa kwa mshazari, ndicho kitakachompa nafasi ya kupiga magoti. Kata kwanza kwenye shuka kuukuu, mvalishe na petikoti zote mbili zikiwa zimefungwa, maana uzito wao unashusha mabega, na ukipima bila petikoti kiuno kitakuja chini ya mahali pake. Merikani usiitie mkasi kabla ya hapo.