Protini hukaaje kwenye utando wa vitone vya mafuta ya alizeti?

Mwanafunzi_Dodoma: Ndugu wanajukwaa, nasoma biolojia ya seli hapa Dodoma. Tunafundishwa kwamba utando wa seli una tabaka mbili za fosfolipidi (molekuli zenye kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakwepa), na kwamba protini nyingi huupenya hadi ncha zake zikatokea majini pande zote mbili. Lakini katika mbegu ya alizeti, zao tunalolitegemea sisi na jirani zetu wa Singida, mafuta huhifadhiwa katika vitone vyenye utando wa tabaka moja tu. Je, protini hujishikizaje pale, na je, husambaa juu ya kitone chote au hukusanyika mahali pamoja?

Mwalimu_Biolojia: Tabaka ni moja kwa sababu ndani hakuna maji: mikia ya fosfolipidi huelekea kwenye mafuta, na vichwa hubaki nje. Protini ya kupenya moja kwa moja haina pa kutokea, kwani sehemu yake inayopenda maji ingezama katika mafuta. Oleosini, protini kuu ya vitone hivyo, ina kipande cha kati chenye amino asidi (viungo vinavyounda protini) zipatazo 70 zinazokwepa maji. Kipande hicho huzama ndani ya mafuta, hujikunja penye amino asidi tatu za aina ya prolini, kisha hurudi juu, huku ncha zote mbili zikibaki upande wa maji.

Kuhusu usambaaji, oleosini hufunika karibu uso wote. Mwaka 1992 watafiti Tzen na Huang walichukua vitone vya mahindi wakavitia vimeng'enya vya kukata fosfolipidi, navyo havikufanya kazi mpaka tripsini, kimeng'enya cha kukata protini, ilipotangulia kuondoa sehemu ya oleosini iliyojitokeza nje. Tripsini hiyo hiyo ilifanya vitone viungane. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko mchoro wowote wa kitabuni.

Maabara_Kati: Nakubaliana na Mwalimu, ila hali hiyo haidumu. Mbegu inapoota, mafuta huvunjwavunjwa, uso wa kitone hupungua, na protini hubanana kama abiria wa daladala. Katika vitone vya mafuta vya seli za wanyama imeonekana kwamba mbanano huo huzitoa kwanza protini zilizojishikiza kwa udhaifu. Oleosini, kwa kile kipande chake kirefu kilichozama kwenye mafuta kama nanga, haitoki kirahisi hivyo; mmea huiwekea alama ya yubikuitini (protini ndogo inayoashiria kwamba protini nyingine iharibiwe), ikang'olewa na kuharibiwa.

Mwanafunzi_Dodoma: Ahsanteni sana. Mwalimu, na nyama ya parachichi nayo, yenye mafuta mengi vile?

Mwalimu_Biolojia: Nyama ya parachichi haina oleosini za namna hiyo, na vitone vyake ni vikubwa zaidi, hata mara kumi. Haikaushwi ikasubiri mvua kama mbegu, wala mche hauhitaji mafuta yake ili uote, hivyo vitone vikiungana hakuna hasara. Mbegu huhitaji vitone vidogo, kwa kuwa uso mpana kwa jumla huwapa vimeng'enya nafasi ya kuyafikia mafuta upesi.