Mzee akilala pumzi inakata halafu inarudi yenyewe. Naombeni ushauri wakuu

kijana_wa_mbagala: Habari za jioni wakuu. Baba yangu ana miaka 71, leo siku ya tatu analala mchana kutwa, na akilala anakoroma mkoromo ambao hajawahi kuwa nao, pumzi inakuwa kubwaa halafu inapungua inapungua mpaka inakata, unataka kumtikisa tu inarudi. Hakohoi, kifua hakimbani. Hii ni pumu ya uzeeni au? Nimfukize?

Mama Kibibi: Pole mwanangu. Mkaratusi na mchaichai, jioni. Mama mkwe alikuwa hivyohivyo wakasema nimemroga mimi, kikao kikakaliwa, kumbe chumba chake kimepakana na mashine ya kusaga, ni vumbi la pumba. Mpaka leo wifi hanisalimii.

nesi_wa_usiku: Mfukizo weka pembeni. Amejigonga kichwa karibuni? Anatumia dawa gani?

kijana_wa_mbagala: Za presha tu.

nesi_wa_usiku: Nimeuliza maswali mawili.

kijana_wa_mbagala: Aliteleza bafuni, lakini ni wiki ya tatu sasa, nundu tu, akainuka mwenyewe akala ugali wake. Na zipo za kuyeyusha damu, warfarini. Hospitali wametuandikia CT scan, ile picha ya ndani ya kichwa, ila shangazi kasema kaka yake hatobolewi kichwa, ana mtu wake Newala. Noah tumeshalipia advansi, saa tatu usiku tunaondoka. Nimeuliza pumzi tu, mengine tumeshapanga.

Mzee Baraza: Baba kakusomesha, kipimo kinakushinda, bando unalo.

nesi_wa_usiku: Sikiliza mdogo wangu, mapafu yanaweza kuwa mazima kabisa. Mzee akijigonga, kamshipa kadogo juu ya ubongo kanavuja taratibu hata wiki kadhaa, na kwa mtu wa warfarini damu haigandi upesi. Fuvu halitanuki kama tumbo, kwa hiyo damu inasukuma ubongo kushuka kwenye tundu unapopita uti wa mgongo, na hapo ndipo lilipo shina la ubongo linaloamrisha kupumua hata ukiwa usingizini. Likibanwa, mpangilio unapotea. Hiyo ya kupanda, kushuka na kukata inaitwa Cheyne-Stokes, madaktari wawili wa Dublin, mmoja aliiandika 1818 mwenzake 1854. Moyo ukichoka nao huleta hivyo, ndo maana ya kupima. Presha ikipanda huku mapigo yanapungua, hapo hakuna kusubiri. Mlaze ubavu ulimi usizibe koo, usimpe chakula wala maji, beba na paketi ya dawa. Muhimbili wapo MOI, taasisi ya mifupa, na upasuaji wa ubongo nao ni kazi yao, na damu ya hivi mara nyingi wanaitoa kwa kitundu kidogo tu.

Chura Mkavu: Chai hii, tena ya maziwa. Baba anakata pumzi we unachati? Dawa "umezisahau", halafu ghafla nesi anatoa somo na miaka ya wazungu. Ni mtu mmoja huyu ana akaunti mbili.

Mama Kibibi: Hata mie nilihisi.

Chura Mkavu: Leta picha ya paketi.

kijana_wa_mbagala: Siweki picha ya baba wala dawa zake humu. Nimekaa juu ya ndoo pembeni ya kitanda nahesabu kwa simu. Pumzi saba, kila moja inaizidi ya nyuma, zinarudi chini, kimya. Sekunde 18. Na jana kikombe kilimdondoka mkono wa kushoto, akakiangalia tu kama si chake. Hilo sikuliandika.

nesi_wa_usiku: Usihesabu tena, ondokeni.

kijana_wa_mbagala: Shangazi analia ila kashika paketi. Tatizo wa Noah anasema advansi hairudi.

Chura Mkavu: Si awapeleke Muhimbili kwa advansi hiyohiyo.